Nilifunga breki kubwa kwenye gari yangu ya track day, nikawa sijui tena kama mbovu ni gari au mguu wangu

Wakuu, naleta kwenu jambo lililonichanganya kwa miezi, na hata sasa halijaisha lote kichwani.

Sitaongeza chumvi. Yaliyotokea nimeyasikia kwa mguu wangu mwenyewe, na watu wawili waliokuwepo siku ya kupatikana jibu wako hai. Mmoja yuko hapa sebuleni anakula ugali wakati naandika.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka aende aya za mwisho, ila hataelewa kwanini nilifikia hatua ya kutaka kuuza gari.

Kidogo kuhusu mimi. Ni mwanamke, muuguzi, mzaliwa wa Njombe. Kazi ilinileta Tarime, kituo cha afya upande wa Nyamwaga, nikajua nitakaa kidogo niombe uhamisho. Nikaolewa hapahapa. Mume wangu ni Mkurya, afisa ugani, na humu nitamwita baba Ghati kama ninavyomwita nyumbani.

Gari ni saloon ya Kijapani, manual, ina turbo. Aina yake siitaji maana nawajua, tutaacha breki tuanze kubishana gari gani ni mkebe.

Naipenda kasi toka nikiwa msichana. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori la mbao, akanifundisha gia kabla sijajifunza kupika. Tuendelee.

Huku hakuna track ya lami, tuelewane mapema.

Upande wa Serengeti, maeneo ya Ringwani, kuna mkulima anaitwa Mzee Wambura. Ana shamba kubwa la mahindi na mtama, na alichonga barabara ya changarawe kulizunguka lote ili trekta na lori vipite wakati wa mavuno. Mavuno yakiisha anaturuhusu wapenda magari wa Tarime, Mugumu, Musoma, na wachache kutoka upande wa pili wa mpaka pale Sirari. Gari moja kwa wakati mmoja, helmet lazima, mifugo imefungiwa, unapimwa muda.

Sisi tunaita track day.

Mama mkwe wangu siku aliyokuja kuangalia aliuliza kitu kwa Kikurya, baba Ghati akanitafsiria: "Anauliza, mbona mnakimbia sana halafu mnarudi palepale."

Nikavaa helmet, nikaenda kurudi palepale.

Mzunguko wenyewe uko hivi. Unaanza na sehemu ndefu iliyonyooka. Inafuata kona ya kushoto iliyochimbika, ina mawimbi mawimbi, gari inatetemeka mpaka meno yanagongana. Ukitoka hapo unashuka mteremko kuelekea bondeni, na chini kabisa kuna kona kali ya kulia. Ukikosea hiyo kona unaingia kwenye mabua ya mtama, na mbele ya mabua kuna uzio wa katani wa mzee.

Sasa, breki za zamani zilikuwa na tabia moja inayoeleweka. Mzunguko wa kwanza safi. Wa pili safi. Baada ya hapo zinaanza kunuka, moshi unatoka kwenye matairi ya mbele, pedali inalegea taratibu. Ni joto. Ukipumzika dakika chache zinarudi. Ugonjwa ninaoujua dalili zake wala haunitishi.

Nikaamua kupandisha daraja. Diski kubwa zaidi mbele, brake pads zinazovumilia joto, hose mpya zilizosukwa kwa waya, mafuta ya breki ya kiwango cha juu, na kalipa, yaani vile vibanio vinavyozikandamiza brake pads kwenye diski, kubwa zenye pistoni pande zote mbili za diski. Za zamani zilikuwa na pistoni upande mmoja tu.

Fundi wangu anaitwa Otieno. Ana gereji upande wa Sirari, ni mtu wa makini, haongei sana, na Kiswahili chake ni cha ng'ambo ya mpaka. Ndiye aliyenitafutia vifaa na ndiye aliyevifunga. Nilikaa pale gereji kutwa nzima nikimpa spana na kumuuliza maswali ya kijinga, akanijibu yote.

Alipomaliza tukatoka na lami ya kuelekea Tarime mjini. Nikakanyaga breki nikiwa kwenye mwendo. Mkanda ukanikaba kifua.

Otieno akasema, "Madam, sasa hii ni breki."

Nilirudi nyumbani nikiimba.

Wiki hiyo niliendesha kwenda kazini na kurudi, kila kitu sawa. Pedali fupi, ngumu, inajibu ukiigusa. Nikaisubiri track day kama mtoto anavyosubiri sikukuu.

Siku ikafika. Mzunguko wa kwanza niliendesha taratibu kuzipasha joto. Safi.

Mzunguko wa pili nikafungulia. Nikaingia kona ya kushoto, gari ikatetemeka kama kawaida, nikatoka nikaanza kushuka mteremko. Nikafika ninapokanyagia breki siku zote.

Nikakanyaga. Mguu ukaenda mpaka chini.

Wakuu, sijui niwaelezeje. Unajua ukishuka ngazi gizani ukadhani zimeisha kumbe kuna moja imebaki? Ndivyo mguu wangu ulivyoenda. Hakukuwa na kitu.

Nikaachia nikakanyaga tena. Nusu. Nikakanyaga mara ya tatu, ikawa ngumu kama jiwe, matairi yakashika. Nilikuwa nimeshachelewa, nikaingia kwenye mabua, vumbi juu, nikasimama mbali kidogo na katani.

Nilikaa mle ndani nimeshika usukani. Hakukuwa na moshi, hakukuwa na harufu yoyote. Nikaigusa pedali kwa ncha ya kiatu. Ngumu.

Nikarudi kwa wenzangu nikawaambia breki zimekata. Anayesimamia mambo yetu anaitwa Kassimu, mtumishi aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, dereva mzuri tu. Akaingia kwenye gari akakanyaga. Ngumu. Akaingia mwingine. Ngumu. Wakapokezana kama watu wanaonja mchuzi, wote wakatoka wakiniangalia.

Kassimu akaniambia kwa upole, "Dada, breki kubwa zinataka mguu mzito. Umezoea zile laini."

Nikamwambia mguu wangu ulifika chini.

"Hofu hufanya hivyo," akasema. "Unadhani umekanyaga kumbe bado."

Akachukua ufunguo, akazunguka yeye na gari yangu. Alirudi akitabasamu, breki safi. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba kwenye ile kona ya kushoto yeye hupita ndani kabisa, taratibu, kulinda matairi. Siku hiyo sikuliwaza hilo. Niliona tu kwamba mwanaume ameendesha gari ileile, barabara ileile, na breki zimemtii.

Kesho yake nikampelekea Otieno.

Akasikiliza, akasema, "Hiyo ni upepo. Kuna hewa imebaki ndani ya system." Akatoa upepo magurudumu yote manne, mimi nikipampu pedali yeye akifungua nati za kutolea hewa. Hatukuona hata povu. Akatoa tena. Nikaondoka na pedali nzuri.

Track day iliyofuata, mzunguko wa kwanza tu, palepale kwenye mteremko, mguu ukaenda chini. Kona niliipita kwa kasi kama kawaida, ila mteremko nilikuwa naushuka taratibu kwa woga, nikapampu nikapona.

Nikarudi Sirari. Otieno akabadilisha master silinda, ile pampu kuu ya breki, akisema labda ile ya zamani ni ndogo kwa kalipa kubwa. Ina mantiki, nikakubali. Pedali ikawa nzuri zaidi ya mwanzo.

Nikaanza kuamini tumemaliza.

Halafu ikatokea ya Nyamwaga.

Nilikuwa natoka kazini na mwenzangu, nesi anaitwa Bhoke, nampa lifti mpaka kwao. Barabara ya vumbi, mvua ilikuwa imeiharibu, kuna sehemu moja imechimbika vibaya. Nikapita pale kwa mwendo wa kawaida tu, nikakata kona. Mbele yangu kundi la ng'ombe linavuka.

Nikakanyaga. Chini.

Nikapampu huku navuta handbrake, gari ikaenda upande, Bhoke akashika dashibodi kwa mikono yote miwili. Tukasimama. Dume mmoja mweupe alikuwa karibu na boneti kiasi kwamba nilimwona kope.

Mwenye ng'ombe, mzee mmoja mwenye koti refu, akaja dirishani. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba," akasema. Akaliangalia gari, akaniangalia mimi. "Mama, ng'ombe ndiyo hawana breki. Wewe unazo, tumia."

Nilimwomba radhi. Nikaikanyaga pedali tena. Ngumu, fupi, nzuri, kama vile hakuna kilichotokea.

Nikamfikisha Bhoke kwao. Akishuka akasema, "Mimi kesho nitapanda pikipiki." Hakusema kwa ubaya. Ilinikaa moyoni kuliko kama angenigombeza.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kweli, na naomba mnielewe ni kwa namna gani.

Breki mbovu ni breki mbovu, inatengenezwa. Hii ilikuwa inakataa mbele yangu tu. Akiwepo fundi, nzima. Akiendesha Kassimu, nzima. Kwenye lami, nzima. Sisi wauguzi tunawajua wagonjwa wa aina hii, nyumbani kafa mara tatu, akifika mapokezi anaomba chai. Mara nyingi tunaishia kudhani ni mambo ya kichwani. Na mimi nikaanza kujidhania hivyohivyo.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mmoja kwenye group letu la track day akasema kalipa ni feki. Mwingine akasema diski zimepinda. Mwingine akasema brake pads za joto kali hazishiki zikiwa za baridi, jambo ambalo ni kweli, lakini halipelekei mguu chini. Mama mkwe akasema kuna mtu hafurahii mimi kuendesha, niangalie nani anagusa gari langu. Baba Ghati akanisihi nirudishe breki za zamani.

Nilisoma mpaka macho yakauma. Kila nilichosoma kilifanana na shida yangu kwa nusu, nusu ya pili haifanani.

Kibaya zaidi, ile hali ilinifuata kazini. Nikawa nahakiki dozi, naandaa, halafu naenda kuhakiki tena. Nikawa namwita Bhoke asome lebo ya dawa niliyoisoma mwenyewe sekunde chache kabla. Alikuwa anasoma bila kuuliza. Siku moja akaniuliza kama nalala vizuri. Nikamwambia ndiyo, na sikuwa nalala.

Maana nilikuwa najiuliza hivi: kama mguu wangu unaweza kunidanganya kwamba umekanyaga, mkono wangu je?

Nikaenda Sirari kumwambia Otieno afungue kila kitu, arudishe vya zamani, na gari nitauza. Alikuwa anapangusa mikono kwa kitambaa.

"Nikiondoa sasa, hatutajua shida ilikuwa nini," akasema. "Na mimi sitalala. Wacha nikuje na wewe huko kwa hiyo track yenu. Nikae hapo kando yako."

Nikamwambia ni hatari.

"Nimefunga hiyo breki na mikono yangu. Kama ni hatari, wacha niwe ndani."

Basi siku hiyo tukaenda. Baba Ghati naye akaja, akasimama kwa mbali na Mzee Wambura. Otieno akavaa helmet ya kuazima iliyokuwa kubwa kwake. Akaniambia niendeshe vile ninavyoendesha, nisimwonee huruma, na nisipampu kabla.

Mzunguko wa kwanza nikaenda taratibu, wa pili nikafungulia. Nikaingia kona ya kushoto na mwendo wangu wote. Gari ikatetemeka, helmet ya Otieno ikagonga dirisha. Tukatoka, mteremko huo. Nilimwona kwa pembeni ameinamisha kichwa anaangalia mguu wangu.

Nikakanyaga.

Wakuu, ilienda chini, na kwa sekunde moja ya kijinga kabisa nilifurahi.

Halafu woga ukarudi, nikapampu, nikashusha gia, gari ikayumba ikaingia kwenye mabua, ikapita mabua, ikaenda kuegemea katani za mzee. Zile katani zilitupokea vizuri tu. Taa moja ikapasuka na bampa ikachanika. Sisi wazima.

Otieno akavua helmet. Akatoka, akaenda kukaa juu ya jiwe, akainamia magoti. Nikadhani ameumia. Nikamfuata nikamshika kifundo cha mkono kusikiliza mapigo, mazoea ya kazi.

Akasema, "Niko sawa." Halafu akasema, "Madam, nimeona mguu yako. Ulikanyaga. Ulikanyaga mpaka mwisho."

Sikutegemea kulia. Nililia palepale mbele ya fundi na magugu, mpaka baba Ghati akafika mbio akidhani kuna aliyekufa.

Kassimu alikuja nyuma yake. Otieno akamwambia, bila ukali wowote, "Huyu hakuogopa. Hiyo pedali ilienda chini, nimeiona." Kassimu akaangalia chini. Baadaye akanisaidia kuchomoa gari kwenye katani, akachomwa mikono, hakulalamika.

Lakini sababu? Hakuna. Sasa tulikuwa watatu, mimi, Otieno na baba Ghati, tuliochanganyikiwa badala ya mmoja.

Tukairudisha gari nyumbani pole pole. Otieno akakataa kurudi Sirari mchana ule. Akasema ataitazama hapohapo uani kwetu, gari likiwa bado na hasira zake.

Tukaliinua mbele kwa jeki, tukaweka stendi. Mimi nikakaa kwenye kiti cha dereva nimezima injini, kazi yangu ilikuwa kukanyaga na kuachia akiniambia. Otieno alikuwa amefungua boneti anaangalia kichupa cha mafuta ya breki. Baba Ghati alichuchumaa karibu na tairi la mbele la kulia, anamulika tochi ya simu chini huku anatafuta spana iliyodondoka.

Kanyaga. Ngumu. Achia. Kanyaga. Ngumu. Achia. Tulifanya hivyo mpaka nikaanza kusinzia.

Baba Ghati akaipata spana. Magoti yake si mazuri, huwa anainuka kwa kushikilia kitu. Akashika tairi kwa juu, akaliegemea kwa uzito wake wote, akainuka.

Otieno akasema, "Kanyaga."

Nikakanyaga. Mguu ukaenda mpaka chini.

Wakati huohuo Otieno akasema kutoka nyuma ya boneti, "Nani amegusa kitu? Mafuta imepanda."

Baba Ghati akaganda na spana mkononi. "Mimi nimeinuka tu," akasema.

"Umeshika wapi?"

"Hapa."

"Madam, pampu irudi ngumu. Achia. Haya, shika tena hapo, ujiinue."

Baba Ghati akachuchumaa, akainuka tena kwa kulishika tairi. Otieno akaona mafuta yamepanda kwenye kichupa. Nikakanyaga. Chini.

Tukarudia. Tukarudia tena, safari hii Otieno akiwa ameweka vidole kwenye diski. Halafu akakaa chini kwenye vumbi akaanza kucheka peke yake, kicheko kidogo cha mtu aliyechoka.

Ilikuwa beringi ya gurudumu, wakuu.

Naeleza nilivyoelewa, wajuzi mtanirekebisha. Beringi ya mbele kulia ilikuwa imechoka kidogo. Haikuwa inalia, na ukitikisa tairi kwa mikono kawaida huoni kitu. Otieno aliitikisa mwanzo kabisa, akaona sawa. Lakini ikipata mzigo mkubwa wa kutetemeka, kama kwenye ile kona, gurudumu linacheza, na diski inacheza nalo. Diski ikicheza inazisukuma brake pads na pistoni zirudi nyuma ndani ya kalipa. Sasa ukikanyaga, safari nzima ya pedali inaishia kuzirudisha mahali pake. Mguu unafika chini kabla hazijagusa diski. Ukipampu, zinakuwa zimesharudi, pedali ngumu, na kila fundi atakayekanyaga baada yako atakuona mwongo.

Breki za zamani hazikuonyesha hili kwa sababu kalipa zake zinaelea. Diski ikicheza, kalipa inasogea nayo. Hizi kubwa zimefungwa imara, hazisogei. Kwahiyo ubovu ulikuwepo siku zote, na breki nzuri ndizo zilizoufichua. Hili mpaka leo nikilifikiria sana kichwa kinaniuma.

Na swali la kwanini Kassimu hakupata shida nalo likaisha. Anapita ile kona taratibu, gurudumu halichezi, breki zinashika.

Tulibadilisha beringi mbele pande zote mbili. Otieno aliomba radhi, nikamwambia angetaka kukwepa asingekaa kando yangu mle ndani. Bampa tuliishona kwa waya, bado iko hivyo. Mzee Wambura hakutaka chochote kwa ajili ya katani zake, alisema zitaota. Bhoke amerudi kupanda gari yangu, ingawa tukikaribia ng'ombe huwa anaacha kuongea.

Nilirudi track. Nilipita ile kona ya kushoto kwa mwendo wote, nikashuka, nikakanyaga. Pedali juu, ngumu. Mzunguko baada ya mzunguko. Hakuna moshi, hakuna harufu. Breki zimepona kabisa na nina uhakika.

Sasa hapa ndipo ninapohitaji akili zenu.

Muda wangu wa mzunguko umeongezeka. Nina breki bora kuliko nilizowahi kuwa nazo, na nazunguka taratibu kuliko nilivyokuwa na zile za zamani zinazotoa moshi. Kassimu alinionyesha saa hakusema kitu, na nilimshukuru kwa hilo.

Baba Ghati ndiye aliyeniambia sababu, tukiwa tunarudi. Alikuwa amesimama bondeni karibu na kona kali. Akasema, "Mama Ghati, taa zako za nyuma zinawaka mapema sana. Toka juu kabisa ya mteremko. Zinawaka, zinazima, zinawaka."

Sikuwa najua. Nilimbishia. Tukasimama njiani akaniomba niendeshe kidogo yeye akiangalia mguu wangu. Akasema, "Unaigusagusa pedali hata hapa, kuijaribu kama ipo."

Kwahiyo gari imepona, na mimi nagonga mlango kabla ya kuingia nyumbani kwangu.

Somo nililopata. Kwanza, kabla ya kufunga breki kubwa, kagua beringi, bush za raba na kila kinachoshika gurudumu, na ukague kwa nguvu, mkae watu wawili. Pili, kama kitu kinakataa sehemu moja tu, usichunguze kitu peke yake, chunguza na kilichotokea sekunde chache kabla. Tatu, ukiambiwa na watu wengi kwamba ni wewe, inaweza kuwa ni wewe, lakini tafuta mtu mmoja atakayekubali kukaa kando yako kabla hujaamua.

Kuhusu dozi kazini, nimerudi kuhakiki mara moja kama utaratibu unavyotaka. Huko niko sawa.

Ni mguu tu.

Kwa wenye uzoefu wa hizi breki, au waliowahi kuangushwa na chombo wakakipanda tena: mguu unaufundishaje kuamini? Unaisha wenyewe, au kuna zoezi? Karibuni na lugha za staha. Mnaotaka kusema niache kabisa, mama mkwe ameshawatangulia.